Kura Kumi na Moja za Kufuta Sheria ya Saba

"Ondoa balozi wako kwenye nchi yangu kabla sijamtupa nje."

"Humtupi. Sheria ya Saba."

"Mama, nakuheshimu. Ondoa balozi."

"Na mimi nakuheshimu. Umekula?"

"Basi Sheria ya Saba naifuta."

Huyo ni mwanangu wa kwanza, Nasma, miaka ishirini. Msidhani tulikuwa sebuleni. Yeye alikuwa Kasulu kwenye duka la baba yake. Mimi nilikuwa Kibondo, kata ya Busunzu, ofisini, nasubiri kikundi cha akina mama wa kufuga nyuki waliosema watafika saa tatu. Ilikuwa saa nne na nusu.

Tulikuwa tunagombana ndani ya mchezo wa simu, mbele ya nchi themanini na saba.

Dakika tano baadaye muswada ukawa mezani. Kufuta Sheria ya Saba. Mwasilishaji: Heru Mpya. Kura zinafungwa Ijumaa saa sita mchana.

Najua mnacheka. Chekeni, halafu tulieni niwaeleze.

Mchezo unaitwa Mataifa Mezani. Unaanzisha nchi, unaipa jina na bendera. Kila siku unaulizwa swali moja: wafugaji wanataka njia ipite katikati ya shamba la mtu, serikali yako inasemaje? Unajibu, nchi inabadilika. Watu wanaongezeka, misitu inapungua, walimu wanagoma. Hakuna bunduki. Ni kama kazi yangu ya kila siku, ila kule ukiamua jambo linafanyika.

Ukipenda unaingia Barazani. Ukishaingia wewe ni nchi mwanachama, na kila sheria inayopitishwa inakubana, uliipigia kura au hukuipigia.

Nasma ndiye aliyenifundisha mwaka niliohamishiwa Busunzu, "usije ukaboreka, bi mkubwa." Nchi yake ni Heru Mpya. Yangu ni Jamhuri ya Busunzu, sina muda wa kutafuta majina.

Nilipanda cheo haraka. Mtu mwenye stashahada ya maendeleo ya jamii na miaka kumi na sita ya vikao vya vijiji hashindwi na baraza la kwenye simu. Ndani ya miezi minane nilikuwa mjumbe wa kanda. Mwanachama wa kawaida ana kura moja. Mjumbe ana yake, na nyingine moja kwa kila nchi inayomuunga mkono.

Mimi nilikuwa na kura kumi na moja.

Nasma hakuwa na cheo, alikuwa na kichwa. Sheria nyingi za kanda yetu aliandika yeye. Barazani walimwita Wakili, na nusu yao waliamini ana ofisi Dodoma.

Hakuwa na ofisi Dodoma. Alikwenda huko kusoma cheti cha sheria, akakaa mihula miwili, akarudi.

Ugomvi ulianzia hapo.

Baba yake, Mansuri, aliwaambia ndugu kwamba mtoto anaumwa, kapumzika. Mimi nikampigia mtoto mwenyewe. Akasema amefeli masomo matatu, ameambiwa arudie mitihani, na harudii.

Mimi maneno huwa siyapaki mafuta. Nikamwambia mtu anayekimbia karatasi tatu atakimbia na ndoa.

Akakata simu. Akanipiga bloku. Nikatuma ujumbe kwa simu ya ofisi, akaipiga bloku ofisi ya serikali. Nikamtuma baba yake.

"Mke wangu," Mansuri akasema, "mimi nauza sabuni. Kesi sitaki."

Njia iliyobaki ilikuwa moja tu. Ubalozi.

Sheria ya Saba ilisema hivi: nchi mwanachama lazima ipokee ubalozi wa nchi yoyote ya kanda yake inayouomba, na hairuhusiwi kuufunga. Kila ubalozi una ubao wa kuandikia. Na ubao huo unasomwa na wanachama wote, ili nchi zisipange njama pembeni.

Kwa hiyo mwanangu aliweza kunifungia simu. Ubalozi hakuweza.

Nilikuwa naandika kila asubuhi kabla ya chai. "Mwakeye. Umelalaje? Umekula nini? Baba yako amemeza dawa ya presha?"

Hayo hakuyajibu. Lakini nilikuwa naona alama kwamba amesoma. Ile alama moja ilinitosha kufanya kazi mpaka jioni.

Mambo mazito nilikuwa naandika kwa Kiha. Sikuwa mjinga, nilijua ubao unasomwa. Lakini Barazani kila mtu anaandika Kiswahili. Wengine wako Tanga, wengine Mwanza, wengine sijui wapi. Nikaona nikiingia Kiha nimefunga mlango.

Kwa Kiha nilimwandikia yote. Yale masomo matatu, moja moja kwa jina. Kwamba ugonjwa aliousema baba yake haupo. Kwamba arudi akafanye mitihani, aache kujificha nyuma ya mifuko ya chumvi.

Sasa huyo mtoto anataka kufuta sheria. Akiifuta atafunga ubalozi. Akifunga ubalozi sitajua hata kama ameamka.

Nikamtafuta mwalimu Anania.

Anania anafundisha uraia Kitahana, mtu wa Mbeya, na ndiye katibu wa kanda yetu mchezoni. Nilimkuta Kibondo mjini kwenye kibanda cha fotokopi, anatoa nakala za mitihani.

"Mwalimu, huyu mtoto anaweza kweli?"

"Anaweza, Mama Nasma. Akipata kura nyingi, Ijumaa saa sita sheria inakufa."

"Si aombe marekebisho? Wabadilishe mstari mmoja, yaishe."

"Baraza halirekebishi. Mchezo ulitengenezwa hivyo. Sheria inabaki nzima au inafutwa nzima. Ukitaka nyingine utaandika upya."

"Kwa hiyo ikifutwa, balozi zote zinafungwa siku hiyo?"

"Hapana. Hapo ndipo watu wanapokosea." Akaweka karatasi chini. Mwalimu akimpata wa kumfundisha hamwachi. "Kufuta sheria hakufungi kitu chochote. Kunaondoa lazima. Mfumo unapita kwenye nchi zote wanachama dakika ileile, unaiambia kila moja: hili sasa ni hiari yako. Ulichojenga kinabaki palepale mpaka ukivunje mwenyewe."

"Na tulichotoa zamani kwa sababu ya sheria, kinarudi?"

"Hakirudi. Unakumbuka Sheria ya Maktaba? Ilifutwa mwaka jana. Kwangu maktaba zipo mpaka leo. Kwa mzee Athuman je?"

Nilikumbuka. Athuman ana duka la jumla pale mjini Kibondo, rafiki wa mume wangu wa siku nyingi. Nchi yake ni Usultani wa Kibondo Juu. Sheria ya Maktaba ilipofutwa alibomoa maktaba zake zote kwa dakika kumi na moja, akaweka maghala. Tulipomuuliza akasema wananchi wake walikuwa wanalala mle.

"Sheria moja," Anania akasema, "na hatukuishia mahali pamoja. Ilipokuwepo tulifanana. Ilipoondoka kila mtu akabaki na sura yake."

"Nasma atakuwa na sura ya nani?"

Mwalimu akaitazama mashine ya fotokopi kama ndiyo iliyoulizwa.

"Mama, Kiha sijui. Mnayoandikiana kule siyaelewi. Ila kwa Kiswahili alichoandika juzi, cha kumtupa balozi nje... mimi naona ya Athuman."

Nikatoka pale nimeshaamua. Muswada haupiti.

Niliingia kampeni kama nagombea udiwani. Nilianza na Athuman mwenyewe, dukani kwake, anapima maharage.

"Shemeji, nataka kura yako. Sheria ya Saba ibaki."

"Shemeji, zile balozi zinanichosha. Ninazo arobaini. Kila moja inanipunguzia uchumi."

"Sheria ikibaki nitakuunga mkono kwenye muswada wako wa bandari."

"Nchi yangu haina bahari."

"Ndiyo maana unahitaji kuungwa mkono."

Akafikiria, maharage mkononi.

"Haya, kura umepata. Lakini shemeji, huyo mtoto yuko Kasulu hapo. Ungemwendea tu?"

"Pima maharage, shemeji."

Siku tatu nilifanya hivyo. Huyu nilimwahidi, yule nilimtisha kidogo, mwingine nilimkumbusha nani alimtetea kwenye ule ugomvi wa mpaka. Nikaweka kura zangu kumi na moja upande wa kubakisha.

Kuna jambo moja niliona ukurasa wa mjadala, nikalipita. Chini ya kila hoja ya Nasma watu walikuwa wanaweka picha ya penseli. Anaandika aya nzuri, zinaanguka penseli kumi. Anajibu swali, penseli nyingine. Ilikuwa imeanza kama wiki tatu nyuma. Nikadhani wanamsifu kwa mwandiko, si ndiye Wakili?

Na mimi nikamwekea penseli mbili. Ajue kwamba pamoja na ugomvi, kazi yake naikubali.

Ijumaa saa nne asubuhi hesabu ilikuwa hivi: kubakisha sitini na sita, kufuta hamsini na saba. Nilikuwa naongoza. Mtu mwingine angekaa akanywa chai.

Mimi nikaanza kuwatazama waliopiga kura ya kufuta, mmoja mmoja. Nikakuta kitu hakiingii akilini. Nchi ndogo kabisa za kanda, zile changa ambazo bila sheria hakuna anayezijali, karibu zote zilikuwa upande wa Nasma.

Iliyonishangaza zaidi ilikuwa Nchi ya Mlima Mmoja. Ina balozi tatu tu, zote za kulazimishwa. Sheria ikifa, hiyo ndiyo ya kwanza kubaki peke yake.

Anania akanipa namba ya mwenyewe. Nikapiga.

"Allô? Nani huyo?"

"Mjumbe wa kanda. Jamhuri ya Busunzu."

"Ah! Maman Nasma! Amahoro! Ni mimi Ndayikeza."

Mwanamke. Nyuma yake watoto wengi walikuwa wanaimba jedwali la kuzidisha. Akanieleza yuko kambi ya wakimbizi, humuhumu wilayani kwetu, anafundisha darasa la pili. Mchezo waliuanza yeye na wenzake wa klabu ya Kiswahili, wapate mahali pa kuzoea kuandika. Wako kumi na tisa, kila mtu na nchi yake.

"Ndayikeza mdogo wangu," nikamwambia, "una balozi tatu. Sheria ikifutwa utabaki na ngapi?"

"Labda moja. Labda zéro."

"Sasa mbona umepiga kura ya kufuta? Nani amekudanganya?"

Watoto wakafika saba mara nane.

"Maman, nikuambie ukweli? Hutakasirika?"

"Nitakasirika baadaye. Sema."

"Ni kwa ajili ya mtoto wako. Zile penseli."

"Penseli wanamsifu."

"Hapana, Maman. Penseli ni ya kurudia mtihani. Wanamcheka."

Nikauliza nani aliwaambia Barazani habari ya mtihani. Niliuliza kwa sauti ya afisa.

"Ni wewe, Maman. Kwenye ubao."

"Mimi niliandika Kiha!"

"Ndiyo. Na sisi ni Warundi."

Akasema kwa upole, kama anamwambia mtoto wa darasa la pili.

"Tulisoma kama barua ya nyumbani, Maman. Mimi sikumwambia mtu, mambo ya mama na mwana hayaingiliwi. Lakini vijana wawili wa kwetu walimtafsiria mmoja wa Tanga. Yule wa Tanga ndiye alianzisha penseli. Niliwagombeza sana. Lakini ilikuwa imeshakwenda."

Nikahamishia simu sikio la pili, kana kwamba la kwanza ndilo lililokosea.

Mimi ni mtoto wa Nyakitonto, jirani na mpaka wa Burundi. Tangu nina akili naongea na Warundi, mimi kwa Kiha changu, wao kwa Kirundi chao, na hakuna aliyewahi kumtafuta mkalimani. Siku ya soko napatana nao bei hivyohivyo. Kama kuna mtu duniani alipaswa kujua, ni mimi.

Sasa niliwezaje kuona Kiha ni kufuli?

Jibu lake ni la aibu. Barazani sikuwa naona watu. Nilikuwa naona nchi. Mlima Mmoja, Ufalme wa Nyota, Visiwa vya Asali. Haikunijia hata siku moja kwamba Visiwa vya Asali anaweza kuwa kijana kutoka Makamba ya Burundi, amekaa juu ya ndoo kambini, ananisoma neno kwa neno.

"Nasma anajua kama mlielewa?" nikauliza.

"Anajua. Alinifuata pembeni akaniuliza, nikamwambia. Akasema, tafadhali mama asijue, atajisikia vibaya. Akasema dawa ni kufuta sheria."

Hilo ndilo lililonikata maini.

Wiki tatu mtoto anachekwa na kanda nzima kwa ajili ya mdomo wangu, na anachowaza ni mimi nisijisikie vibaya. Na mimi ndani ya wiki hizo hizo nimemwekea penseli mbili.

"Na wewe?" nikamuuliza Ndayikeza. "Balozi zako si zitakwenda?"

"Ziende, Maman. Huyu wa Usultani wa Kibondo Juu yuko kwangu tangu mwezi wa kwanza, hajasema hata bonjour."

Nikamshukuru, nikakata simu. Ilikuwa saa tano na dakika arobaini.

Akina mama wa nyuki safari hii walikuwa wamefika. Wako kwenye benchi, wananitazama.

"Subirini kidogo. Napiga kura."

Mmoja akamgeukia mwenzake. "Kwani leo kuna uchaguzi?"

"Upo," nikasema.

Nikafungua ukurasa. Kura ya Barazani unaruhusiwa kuihamisha mpaka dakika ya mwisho. Kabla ya kuihamisha nikaandika kwenye mjadala, kwa Kiswahili, kila mtu asome bila msaada wa mtu:

"Mimi mjumbe wa kanda nahamisha kura zangu kumi na moja kwenda upande wa kufuta. Nilitumia Sheria ya Saba kuandika mambo ya mtu mwingine mahali ambapo hakuwa na uwezo wa kuninyamazisha. Kosa ni langu, si lake. Mwenye penseli aniwekee mimi."

Penseli ya kwanza ilitoka kwa Athuman. Hakujua ni ya nini, aliona watu wanaweka.

Nikahamisha kura. Kubakisha ikashuka hamsini na tano. Kufuta ikapanda sitini na nane.

Athuman akanipigia simu. Sikupokea.

Saa sita kamili simu ikatetemeka. Sheria ya Saba imefutwa. Halafu mfumo ukatuma ripoti kwa kila nchi mwanachama. Ya kwangu ilisema: "Wananchi wa Jamhuri ya Busunzu wameamka na uhuru zaidi na majirani wasio na uhakika."

Mimi sikusubiri. Nilijua mwanangu ana mkono mwepesi, na sikutaka apate kazi ya kumfukuza mama yake. Nikaenda moja kwa moja kwenye ubalozi wangu ulioko Heru Mpya, nikabonyeza Funga.

Mfumo ukauliza: una uhakika? Kuufungua tena kutahitaji ombi jipya na siku tatu za kusubiri.

Nikabonyeza Ndiyo.

Kisha nikakaa kuangalia sheria iliyokufa inavyowafanya wenzangu. Ndani ya dakika kumi balozi mia mbili na kitu zilikuwa zimefungwa. Athuman katika arobaini alibakiza moja, tena kwa kusahau. Anania hakufunga hata moja, mfumo ukampandisha ukarimu na kumshusha uchumi siku hiyohiyo. Ndayikeza alipoteza mbili kati ya tatu. Nikapeleka ombi la ubalozi kwake. Hakuna aliyenilazimisha.

Mwisho nikaenda kuitazama Heru Mpya.

Nasma alikuwa na balozi kumi na nne asubuhi. Sasa alikuwa nazo kumi na tatu. Niliyekosekana nilikuwa mimi peke yangu.

Hakuwa amefunga hata mmoja.

Nikaurudia ule muswada. Niliupigia kampeni siku tatu kuupinga, nikaugeukia dakika za mwisho kuupitisha, na muda wote huo nilikuwa nimesoma kichwa cha habari tu. Mimi, ninayewaambia wakulima kila wiki wasitie dole gumba kwenye karatasi wasiyosomewa.

Aya ya pili ilikuwa fupi. Ilisema sheria ikifutwa, lile sharti la ubao kusomwa na wote linakufa pamoja nayo. Nchi mbili zitakazobaki na ubalozi kwa hiari zitaweza kuandikiana bila mtu wa tatu kuona.

Chini yake: "Mwasilishaji anakusudia kubaki na balozi zote alizonazo."

Zote.

Nikawaambia akina mama wa nyuki kikao kimeahirishwa. Wakasema hawashangai.

Saa saba na nusu nilikuwa kwenye gari la Kasulu. Saa kumi na nusu nilikuwa nimesimama mbele ya duka. Mansuri aliniona, akamtazama binti yake, akanitazama tena, akachukua kofia.

"Nawahi msikitini, Magharibi."

"Magharibi bado saa mbili nzima."

"Nataka kupata nafasi."

Akaondoka. Nasma alikuwa anapanga viberiti. Hakugeuka.

"Umefunga mwenyewe," akasema.

"Nimefunga mwenyewe."

"Aya ya pili hukusoma."

"Sikusoma."

"Nilijua. Nilijua kabisa hutasoma." Akaweka kiberiti, akakiondoa, akakiweka palepale. "Nimekuambia ondoa balozi mara nne ili uache kuandika pale. Wewe unaniuliza kama nimekula."

"Ungeniambia wanaelewa Kiha."

"Ungelala?"

Akaja mteja akataka sabuni ya kipande. Nasma akamkatia, akamfungia, akamsindikiza kwa "karibu tena." Tukabaki wawili.

"Ungenifungulia basi simu," nikasema.

"Kwenye simu lazima nijibu. Kwenye ubalozi naweza kusoma nikanyamaza. Nilikuwa bado na hasira, Mama, lakini nilitaka kusoma."

"Nimekuanika mbele za watu, mwanangu. Naomba radhi."

Akaitikia kwa kichwa. Mtoto wangu huyu naye hapaki mafuta.

"Kile chuo sirudi," akasema.

"Sijauliza."

"Unataka kuuliza."

"Nataka sana. Siulizi."

Hapo ndipo alipogeuka kwa mara ya kwanza. Macho yamevimba, lakini mdomo karibu ucheke.

"Umekuja kwa siku ngapi?"

Wazazi wenzangu, nawaachia neno hapa kabla sijamjibu. Sheria inaweza kumlazimisha mtu akupokee. Kukutaka haiwezi. Ikiondolewa hakuna kinachoanguka chenyewe, kila mmoja anabaki na alichokuwa anakitaka siku zote, na hapo ndipo unajua ulikuwa mgeni au ulikuwa mzigo. Mimi nilikuwa natakiwa, nikajifungia nje kwa haraka zangu na uvivu wa kusoma aya mbili. Haya yote Nasma ameyasoma kabla sijayaweka hapa. Amefuta mistari sita. Sikubishana.

Nikatoa simu palepale, nikampigia mtendaji wa kata.

"Naomba ruhusa ya siku tatu."

"Kuna msiba, Afisa?"

"Hapana. Ni za kidiplomasia."

Nikakata kabla hajauliza zaidi. Nikamtumia Nasma ombi jipya la ubalozi, nikaiona simu yake ikiwaka juu ya kaunta. Kisha nikavua viatu, nikapita chini ya ubao wa kaunta, nikaanza kumpokeza viberiti.